Nukta

Mimi ni karani. Kazi yangu katika baraza la wilaya
ni kuandika kilichosemwa, si kilichonyamaziwa,
na kuweka nukta pale mjumbe anapoishiwa na pumzi.

Siku ile ya Machi, ajenda namba saba,
baada ya mjadala wa mtaro wa maji machafu,
aliingia Bi Gu Mal-sun, mstaafu wa kuosha mabasi,
buti za mpunga miguuni,
kifuani amekumbatia kasha la kimchi.
Mwenyekiti akatabasamu. Alidhani ni zawadi.

Akalifungua.
Hamkuwa na kabichi.
Hua wawili, mdiria mmoja, kigogota ulimi nje,
kipanga mchanga, jicho wazi kama kifungo cha shati,
na shomoro. Shomoro hakuwapanga, aliwamimina.
Barafu ikaanza kuyeyukia rasimu ya bajeti.

"Nawaweka kwenye jokofu," alisema,
"mume wangu kahamishia figili kwa dada yake.
Hawa wote ni wa ukuta mmoja,
ule wa kuzuia kelele za barabara kuu pale Dolmoru.
Mita mia tatu na sitini za kioo kitupu.
Mlitaka tulale. Tunalala.
Wao wanauona mlima upande wa pili, wanaufuata."

Mjumbe Tak Yeong-pil akauliza, nami nikaandika:
je, ndege hulipa kodi?
Bi Gu akajibu, nami nikaandika:
hapana, wala hawakuomba barabara.

Basi tukaingia katika vipimo.
Sentimita tano kwenda juu, kumi kwenda kando,
na kila makutano, nukta.
Ndege akiona mwanya mwembamba kuliko bawa lake
haujaribu, hugeuka.
Kwa saa mbili watu wazima walibishania upana wa nukta.
Mkandarasi akalalamika kwamba zitaharibu mandhari.
"Mandhari ya nani?"
Swali hilo halimo katika kumbukumbu,
maana aliyeuliza ni karani.

Kanuni ilipita, saba kwa wanne.
Ila jioni, watu wakitafuta makoti yao,
neno *mpya* liliteleza ndani ya ibara ya tatu,
kimyakimya, kama mtu aliyechelewa mazishini:
kuta *mpya*, majengo *mapya* ya umma.
Kwa neno hilo ukuta wa Dolmoru ukabaki mtupu.
Na jengo letu pia, lenye miaka kumi na tisa
na ghorofa tatu za kioo.

Bi Gu alifunga kasha. Hakulia.
Aliuliza choo kiko wapi, akanawa mikono,
kisha akaniomba rula.

Jumamosi nilimkuta ukutani, ngazi imeegemea mlima usiokuwepo,
watoto sita wa shule wakishikilia uzi wenye chaki,
na rula ya serikali, mali namba 0417, mkononi mwake.
Sikuidai.
Nilipanda upande wa pili. Tulibandika hadi giza,
mita nane.

Nimeandika miaka ishirini na sijapata kuwaza hili:
sentensi isiyo na nukta huua kwa namna yake,
msomaji huivamia kwa kasi, akidhani mbele kuna hewa.
Na kioo, kile cha kujitazama na kile cha kutazamia,
jina lake ni moja.
Ndege ambaye hakufa hana mwili wa kuletwa barazani.
Hana namba. Ushahidi wake ni anga kuwa kama jana.

Jumatatu nilibaki ofisini.
Nilichukua vibandiko vyeupe vya mafaili, maboksi manne,
nikaanza na dirisha la ghorofa ya tatu, linalotazama msonobari.
Mstari wa kwanza ulikwenda upogo. Sikuubandua.

Asubuhi Mjumbe Tak aliuliza ni nani aliyefanya hivi.
Nikaandika: swali halikujibiwa.
Nikaweka nukta.

Figili bado ziko kwa wifi yake Bi Gu.